Nairobi, mahali pa kukaa bila kununua kitu: bustani nilizozunguka na Mama

Mwana wa Wundanyi (mleta uzi)

Wadau, salamu. Uzi huu ni mrefu, mwenye haraka auweke akiba asome jioni.

Mama alikuja Nairobi mwezi wa nane kwa sababu ya goti. Alipanda treni Voi, akashuka Syokimau na mfuko wa ndizi na parachichi, na mkongojo alioushika upande wa nyuma ili nisiuone. Daktari wa viungo alimpa agizo moja: atembee. Nusu saa kila siku, mahali tambarare, akichoka akae, akipumzika aendelee.

Mimi naishi Pipeline, ghorofa ya tano, chumba kimoja. Waliofika Pipeline wanajua: ukifungua dirisha unaona dirisha la jirani, na kule chini ni matope, mikokoteni, bodaboda na wauza mboga, wote kwenye njia moja. Siku ya kwanza tulitembea hadi steji tukarudi. Kupanda zile ngazi peke yake kulimaliza nguvu zake zote. Alikaa kitandani akaniuliza, "Mwanangu, watu wa huku wakichoka njiani hukaa wapi?"

Sikuwa na jibu. Nimeishi jiji hili miaka kumi na moja, na kila mahali nilipowahi kukaa nilikuwa nimelipia chai, soda au chipsi. Ukikaa kwenye ngazi za jengo, askari anakuinua. Ukikaa kwenye ukingo wa maua mbele ya benki, anakuinua pia. Kwa kuwa kazi yangu ni ya zamu na nina asubuhi mbili au tatu huru kila wiki, niliamua kutafuta jibu kwa miguu yetu sisi wawili. Tulizunguka wiki saba. Ninachoandika hapa ni kwa jicho la mtu anayetembea na mzee: kivuli kiko wapi, benchi liko wapi, choo kiko wapi, mteremko ni mkali kiasi gani.

Jeevanjee. Tulianzia hapo kwa kuwa ni katikati ya jiji, kati ya Moi Avenue na Muindi Mbingu, na ni bure. Ni kama ekari tano tu, lakini ina miti mikubwa na mabenchi, na ukizunguka kinjia chake mara tatu au nne umeshatimiza agizo la daktari. Asubuhi saa tatu hivi ni shwari. Ikifika saa saba mchana mambo hubadilika: wahubiri wamesimama huku, wabishani wa siasa kule, wafanyakazi wa ofisini wamekaa na chakula chao kwenye mkebe. Mama alipenda saa saba kuliko saa tatu. Alisema bustani isiyo na watu ni shamba la mtu.

Kuna sanamu ya Mzee Alibhai Mulla Jeevanjee mwenyewe. Alitoka Karachi, akawa mkandarasi wakati wa ujenzi wa reli, na mwaka 1906 akaitengeneza bustani hii na kuwaachia watu wa mji. Nilimweleza Mama hayo tukiwa tumekaa. Akaniuliza kama watoto wake hawakuja kudai urithi. Nilipotafuta nikakuta ni kinyume kabisa: 1991 kulipotokea mpango wa kugeuza bustani kuwa maegesho ya magari, aliyesimama mbele kuupinga alikuwa mjukuu wake, Zarina Patel. Nilipomwambia, Mama alipiga kofi moja.

Nitaendelea na nyingine. Nyie mnaojua zaidi ongezeni.

Shangazi wa Ngara

Asante mwanangu kwa kumtembeza mama. Mungu akuzidishie.

Usisahau bustani ya Michuki, hapa kwetu karibu na mzunguko wa Globe, kando ya Mto Nairobi. Sisi wa zamani tunaikumbuka ikiwa jaa la taka na mahali ambapo hata mchana hupiti peke yako. Marehemu John Michuki alipokuwa waziri wa mazingira ndipo kazi ya kupasafisha ilipoanza, baadaye ikakarabatiwa tena 2020 na kupewa jina lake. Vijana wengi wanamjua kwa sheria za matatu za 2004 tu, mikanda na vidhibiti mwendo. Mimi namkumbuka kwa ule mto. Bado una harufu siku nyingine, siwezi kusema uongo, lakini kuna miti, kuna njia iliyonyooka na kuna maji yanapita. Kwa goti la mama yako ni pazuri kwa sababu hakuna kilima.

Mwana wa Wundanyi

Asante sana Shangazi. Tulifika hapo baada ya ujumbe wako na ni kama ulivyosema. Mama alikaa akiangalia maji muda mrefu bila kusema. Kisha akasema mto ule una kiu ya kuoshwa na yeye mwenyewe angeanza kesho kama si goti.

Arboretum. Hapa ndipo tulipokwenda mara nyingi kuliko pengine pote. Unapanda matatu za Kileleshwa, unashuka upande wa State House Road, unatembea kidogo. Kuna ada ya geti, ndogo, na inalipwa kwa simu, kwa hiyo hakikisha una salio kabla hujafika. Ndani ni kama hekta 30, na miti ni ya aina zaidi ya 350.

Ilianzishwa 1907, na sababu yake ilinishangaza. Haikuwa kwa ajili ya matembezi. Treni za wakati ule zilichoma kuni, na misitu ya karibu ilikuwa inakwisha, kwa hiyo serikali ya kikoloni ilitaka kujua ni miti gani ya kigeni ingekua haraka hapa. Wakapanda ya majaribio kutoka pande zote za dunia. Kuni hizo hazihitajiki tena, miti imebaki, na sasa imekuwa mirefu hivi kwamba ukiangalia juu shingo inauma. Ndiyo maana unakuta mikaratusi ya Australia imesimama karibu na mti wa kwetu kana kwamba wamezaliwa pamoja.

Miti mingi ina kibao cha jina la kisayansi. Nilikuwa namsomea Mama, naye ananiambia jina la kwetu pale anapoutambua mti. Kuna mmoja aliushika gome, akanusa kidole, akasema, "Huu tuliutumia kwa kikohozi chako ulipokuwa na miaka minne." Kibao hakikuwa na habari hiyo. Natamani siku moja vibao vile viandikwe pia majina ya Kiswahili na ya lugha zetu, hata yale machache yanayojulikana, kwa sababu wazee wanaoyajua wanatembea pale pale na hakuna anayewauliza.

Kwa mzee: njia kuu ni nzuri na nyasi ni za kukaa, beba leso. Upande wa kuteremkia kijito, Kirichwa Kubwa, uachie wenye magoti mazima. Kima wako wengi na wamezoea watu vibaya. Usiwape ndizi. Ukishawalisha wanajifunza kupora, na mtoto atakayekuja kesho na andazi mkononi ndiye atakayeparuzwa.

Jambo jingine ambalo mgeni hulikuta ghafla: watu huenda pale kuomba. Mmoja mmoja au vikundi, wanatembea chini ya miti wakiomba kwa sauti, wengine wakilia. Mwanzoni nilitaka kumpitisha Mama mbali ili asisumbuke. Kumbe nilimgeukia nikakuta ameshajiunga na kina mama watatu asiowajua, ameshikwa mkono, mkongojo umeegemezwa mtini.

Kijana wa Huruma

Mkuu uzi mzuri, lakini naomba niseme linaloniuma. Angalia ramani. Arboretum, Karura, City Park, Uhuru Park, zote ziko upande ule. Sisi wa Huruma, Mathare, Kayole, nyie wa Pipeline, tuko wengi kuliko wao na hatuna hata mti wa kuegemea. Viwanja vya watoto vilivyokuwa kwenye mitaa ya zamani vingi vimejengwa. Mimi nilicheza mpira kwenye uwanja ambao leo ni maduka na kanisa la mabati. Mtoto wangu anacheza mpira kwenye paa la ghorofa, na kila siku natetemeka. Kumwambia mtu wa Eastlands apande matatu mbili kwenda kuona mti, nauli kwenda na kurudi, halafu geti alipe, ni kumwambia asiende.

Mwana wa Wundanyi

Kijana wa Huruma, sina cha kukupinga. Niliandika hesabu zetu kwenye daftari: kila tulipotoka, nauli ya watu wawili ilizidi ada ya geti, tena mbali. Na mvua ikinyesha, nauli inapanda, unajua. Ndiyo sababu safari zetu nyingi zilikuwa asubuhi baada ya saa tatu, nauli ikishashuka. Kuhusu viwanja vilivyoliwa, naona hapo ndipo penye kidonda chenyewe, na mwalimu mmoja humu najua ana la kusema.

Mwalimu Mstaafu

Nimeitwa, nimekuja.

Wanangu, mnapokaa Uhuru Park mjue mnakaa juu ya nini. Bustani ile ilifunguliwa na Mzee Kenyatta Mei 1969. Mimi nilikuwa mtoto wa shule, tuliletwa kwa basi kuona ziwa na mashua. Ni karibu hekta 13. Mwaka 1989 serikali ilitaka kujenga humo ndani jengo la ghorofa 60, na sanamu ya rais mbele yake. Profesa Wangari Maathai aliandika barua kwa kila aliyehusika, humu nchini na ng'ambo. Alitukanwa bungeni. Shirika lake la Green Belt lilifukuzwa kwenye ofisi. Wafadhili wa nje wakarudi nyuma, jengo halikujengwa. Mama mmoja na kalamu! Nilikuwa nafundisha darasa la saba wakati huo na sikuthubutu kulizungumza darasani, jambo ambalo linanisikitisha mpaka leo.

Kisha Februari 1992 kina mama wa wafungwa wa kisiasa walikuja wakaketi kwenye kona ile ya bustani wakigoma kula, wakitaka wana wao waachiliwe, na Wangari akiwa nao. Siku chache baadaye, tarehe 3 Machi, polisi waliwavamia. Baadhi ya wale kina mama wazee walivua nguo zao mbele ya askari, nao askari wakageuza nyuso. Nyote mnajua maana ya laana hiyo katika mila zetu. Walihamia chini ya kanisa la All Saints hapo jirani, wakakaa karibu mwaka mzima hadi wafungwa wakaanza kutoka. Kona hiyo ndiyo Freedom Corner. Na katiba mpya tuliipokea bustanini humo humo, tarehe 27 Agosti 2010, na mimi nilikuwepo, nimesimama kwenye nyasi tangu alfajiri.

Kwa hiyo Kijana wa Huruma, uchungu wako ni wa haki kabisa. Hata hizo bustani za upande ule zimebaki kwa sababu mtu alipigwa kwa ajili yake. Huko kwenu hakupatikana wa kupigana, au alipatikana na hakuna aliyemsikia.

Mwana wa Wundanyi

Mwalimu, nimesoma hili kwa sauti kwa Mama. Aliuliza jina la kona mara mbili. Wiki iliyofuata akataka twende, akae hapo hasa.

Uhuru Park ilifungwa 2021 kwa ukarabati, na wengi tulikaa muda mrefu bila kuiona. Sasa njia zake ni imara, mkongojo hauzami. Kivuli ni tatizo, miti mingine bado michanga, kwa hiyo beba mwavuli hata kama hakuna mvua. Wapiga picha bado wapo, wanakupiga na kukuchapia papo hapo. Nina picha moja ya Mama mbele ya ziwa, amesimama wima bila mkongojo. Alinipa niushike nje ya fremu.

Karura. Hii ni habari nyingine kabisa. Zaidi ya hekta 1,000, msitu wa kweli ndani ya jiji. Panda matatu za Ruaka au Banana ushuke geti la Limuru Road, au za Kiambu kwa geti la upande wa pili. Maporomoko ya maji na mapango ambamo Mau Mau walijificha yako mbali na geti, na njia ya kushukia kwenye maporomoko si ya mzee. Sisi tulitembea njia pana tu, polepole, tukihesabu vibao vya njia panda, vina namba, kwa hiyo hata ukipotea unaweza kusema uko wapi. Wenye mbavu wakodi baiskeli. Tuliwaona mbega weusi kwa weupe juu kabisa, mikia yao inaning'inia kama taulo.

Ndani kidogo, Mama alisimama. Akasema hali ile ya hewa ni ya fighi. Kwa wasiojua, kwetu Taita fighi ni msitu mtakatifu wa ukoo. Haukatwi, hata kuni hazikusanywi ovyo, na mlinzi wake ni wazee na woga wa watu wenyewe. Nilimweleza kwamba msitu huu wa Karura miaka ya tisini ulikuwa umegawiwa watu binafsi vipande vipande, na kwamba tarehe 8 Januari 1999 Wangari alikwenda kupanda mti akapigwa hadi kichwa kikapasuka, na alipofika polisi akatia saini taarifa yake kwa damu. Mama alinyamaza. Halafu: "Kumbe huku fighi ilikuwa na mzee mmoja tu."

Mpanda Baiskeli

Naongeza hapo. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 hakuna mtu mwenye akili timamu angeingia Karura peke yake. Ilikuwa mahali pa kuporwa, na habari za miili kutupwa humo zilikuwa za kawaida. Kilichobadilisha ni uzio wa umeme na chama cha marafiki wa msitu kilichoanzishwa 2009 kufanya kazi pamoja na idara ya misitu, wakachukua na vijana wa kijiji jirani cha Mji wa Huruma (si Huruma ya Eastlands) kuwa walinzi na wapanda miti. Mwaka 2011 wakafungua kwa umma. Watu wananung'unika kuhusu ada, na kwa familia ya watu sita inauma, nakubali. Ila mimi nakumbuka ilipokuwa bure, na hakuna aliyeingia.

Kijana wa Huruma

Sawa, nimekuelewa. Lakini iwepo basi hata siku moja kwa mwezi ya bure kwa shule za mitaa yetu.

Mpanda Baiskeli

Hilo naliunga mkono kwa mikono miwili.

Mwana wa Wundanyi

Namalizia na ile iliyonigusa zaidi, ambayo wengi huipita kwenye matatu bila kujua ni bustani: City Park, Parklands, kando ya Limuru Road. Ni kubwa kuliko unavyodhani, karibu hekta 60, na sehemu yake ni msitu wa asili uliobaki tangu kabla ya mji. Msikae ndani sana mkiwa wawili tu, fuateni njia zenye watu. Familia nyingi huja Jumapili, na utakuta hata watu waliotoka kumwona mgonjwa hospitalini ng'ambo ya barabara wanakuja kupumua kidogo.

Ndani yake kuna makaburi. Pio Gama Pinto amelala hapo, mwandishi na mpigania uhuru aliyepigwa risasi nyumbani kwake tarehe 24 Februari 1965. Rafiki yake Joseph Murumbi, aliyekuwa makamu wa rais kwa miezi michache 1966 kisha akajiuzulu, alitaka azikwe karibu naye. Alikufa 1990, na sasa yuko hapo pamoja na mkewe Sheila, na pembeni pametengenezwa bustani ndogo yenye sanamu, moja ikiwa kazi ya mchongaji Elkana Ong'esa, ndege anatoka kwenye yai.

Tulikaa hapo asubuhi nzima. Baba yangu alizikwa kando ya rafiki yake pia, kule kwetu, kwa kuwa walinunua shamba pamoja. Mama hakusema lolote juu ya Baba. Alitoa parachichi, akalikata mara mbili, akanipa nusu.

Kuna bustani moja, sitaitaja, ambapo mlinzi alikuja kudai pesa kwa sababu nilimpiga Mama picha kwa simu yangu. Sikumpa, na hakuwa na risiti. Nawaambia ili mjue: ombeni risiti kila mara, kwa adabu.

Mama alirudi nyumbani mwezi wa kumi, mijakaranda ikiwa imechanua na barabara zimetandikwa zambarau. Ngazi za ghorofa ya tano alizishuka bila kupumzika.

Shangazi wa Ngara

Mwanangu, mzee wangu ametoka hospitali juzi, kiharusi kidogo, mguu wa kushoto ni mzito. Ukichagua moja kwa mtu wa kiti cha magurudumu, ni ipi? Na saa ngapi?

Mwana wa Wundanyi

Pole sana Shangazi, Mungu amponye mzee. Kwa kiti cha magurudumu anza na Uhuru Park, siku ya kazi, saa tatu hadi saa tano, kabla jua halijakaza. Ingia na gari hadi karibu kadiri utakavyoruhusiwa, kisha fuata njia inayozunguka ziwa, haina ngazi. Beba mwavuli, maji, na leso ya kumfunika miguu, upepo wa ziwani ni baridi. Michuki iache mpaka aanze kutembea mwenyewe. Alhamisi niko huru, nikipata namba yako kwa ujumbe wa faragha nitakuja kusukuma kiti.